Mtoto Alindwe Nyumbani Kwao

Mwaka 2004 serikali ya Kenya, kwa msaada wa UNICEF, ilianza jaribio dogo katika Kwale, Garissa na Nairobi. Ilichagua kaya 500 fukara zilizokuwa zikilea mayatima, ikaanza kuzipa shilingi 500 kila mwezi. Haikugawa mahindi wala blanketi. Ilitoa pesa na kumwachia mlezi aamue mwenyewe pengo gani lizibwe kwanza. Nchi ilikuwa imeelemewa wakati huo. Ukimwi, ambao Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999, ulikuwa umewarudisha mabibi wengi kwenye kazi ya kulea waliyodhani wameimaliza. Elimu ya msingi ilikuwa bure tangu Januari 2003, lakini shule ya bure haimfai mtoto anayeshinda nyumbani akimwuguza mama, au anayetoka alfajiri kwenda kuokota chuma chakavu ili wadogo zake wale. Jaribio lile lilikua likawa mpango wa taifa wa fedha kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ambao leo uko chini ya Inua Jamii, mpango mpana wa serikali wa misaada ya fedha, na umefikia zaidi ya kaya 300,000. Baada ya miaka 20 ya safari hiyo, serikali ina ushahidi wa kutosha kuhusu njia iliyo bora. Mtoto hulindwa vizuri zaidi pale anayemlea anapopewa nguvu za kumlea.

Jinsi kaya zinavyopatikana ni jambo la kulitazama kwa karibu, maana hapo ndipo mpango unapojenga au kupoteza imani ya watu. Kamati ya wenyeji hupita mtaa kwa mtaa ikiorodhesha nyumba maskini zenye yatima, au mtoto mwingine aliyekosa matunzo, zisizopata msaada kwingine. Maafisa hufuata na maswali yao: paa ni la nini, maji yanatoka wapi, nani anafanya kazi, mifugo mingapi. Kisha majina husomwa hadharani katika baraza la chifu. Bibi anayelea wajukuu wanne husikia jina lake likitajwa mbele ya majirani, na jirani anayejua kwamba fulani ana duka na mashamba hupata nafasi ya kusema. Utaratibu huu una kasoro zake, kwa kuwa wapo wanaopendelewa na wapo wanaosahaulika. Hata hivyo, orodha iliyosomwa barazani ni vigumu kuichezea kuliko ile inayofungiwa kabatini ofisini.

Je, pesa hizo zilibadilisha maisha? Serikali haikutegemea hisia kujibu swali hilo. Mpango ulipopanuliwa mwaka 2007, kata 28 kutoka Nairobi, Kwale, Garissa, Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba ziligawanywa kwa kura. Nusu zilianza kulipwa, nusu zikangoja, na watafiti wakazifuatilia zote. Miaka miwili baadaye, sehemu ya watoto waliokuwa wakisoma sekondari ilikuwa juu kwa pointi 6 hadi 7 za asilimia katika kaya zilizolipwa. Watafiti waliporudi mwaka 2011 walikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia: vijana wa kaya hizo walichelewa zaidi kuanza kujamiiana, na mabinti waliopata mimba walikuwa wachache zaidi. Mpango wenyewe ulikuwa umewapa walezi wao pesa tu. Maelezo ya karibu ni kwamba binti aliye shuleni, ambaye nyumbani kwao kuna chakula, hana sababu ya kukubali zawadi ya mwanamume mzima. Umaskini ndio mlango ambao madhara mengine humwingilia mtoto, na fedha kidogo zinazofika kwa uhakika huanza kuufunga.

Kwa muda mrefu, jibu la wengi kwa masaibu ya mtoto limekuwa jengo: makao ya watoto yenye vitanda vya ghorofa, wafadhili wa mbali na wageni wanaokuja kupiga picha. Wengi walioyajenga walikuwa na huruma ya kweli, na wapo watoto waliookolewa humo. Lakini watoto wengi wanaoishi katika makao hayo wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili, na kilichowapeleka huko ni karo, njaa au ugonjwa nyumbani. Madhara ya malezi ya taasisi yanajulikana pia. Huko Bucharest, Romania, utafiti ulioanza mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo, nusu yao wakahamishiwa kwa familia za walezi. Waliohamishwa walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotolewa wakiwa wadogo. Kenya nayo ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika familia. Mwaka huo huo Sheria mpya ya Watoto ilitambua malezi ya jamaa, pamoja na kafala, yaani malezi ya mtoto wa mwingine kwa mujibu wa Uislamu, ambayo Waislamu wameijua kwa karne nyingi. Kwa hiyo sheria imekubali desturi ambayo jamii zetu zilikuwa nayo tangu zamani: yatima ni wa ukoo, na ukoo hauachi mtu wake.

Wapo wanaopinga wakisema pesa za bure huwafanya watu wavivu, na kwamba nusu yake huishia kilabuni. Hofu hiyo inasikika kila mahali, na inastahili kujibiwa kwa ushahidi. David Evans na Anna Popova, watafiti wa Benki ya Dunia, walipitia tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na hawakuona dalili kwamba wanaopewa fedha huzidisha matumizi ya pombe na tumbaku. Isitoshe, wengi wanaolea mayatima ni wanawake wazee waliokwisha kufanya kazi maisha yao yote. Kumwita mvivu bibi wa miaka 70 anayeteka maji kwa ajili ya wajukuu wanne ni kumdhulumu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vipi ikiwa nyumbani kwenyewe ndiko kwenye hatari? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu msichana 1 kati ya 3, na karibu mvulana 1 kati ya 5, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulikuta takwimu hizo zimeshuka hadi karibu asilimia 16 na 6, lakini hata hizo ni aibu, na mara nyingi mtenda ni mtu anayefahamika. Ni kweli basi kwamba pesa peke yake haimlindi mtoto anayeumizwa na baba wa kambo. Huyo anahitaji namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ipokewe anapoipigia, afisa wa watoto afike, polisi wachukue hatua, na familia nyingine iwe tayari kumpokea. Jambo hili linatudai tuajiri maafisa zaidi wa kuzitembelea nyumba. Halitupi sababu ya kuwaondoa kwao maelfu ya watoto ambao kosa la nyumba yao ni umaskini tu.

Serikali inastahili lawama kwa sababu nyingine. Malipo yalipandishwa hadi shilingi 1,500, kisha 2,000 zaidi ya miaka 10 iliyopita, na hapo yakakwama. Kwa miaka mingi yalitolewa kila baada ya miezi miwili, shilingi 4,000 kwa mkupuo, sawa na shilingi 67 kwa siku. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, yaani pesa ya siku tatu ikanunua ugali bila mboga. Tena mara nyingi malipo yenyewe huchelewa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia hapa ni ya watoto ambao taifa limeahidi kuwalinda katika Kifungu cha 53 cha Katiba yake.

Njia imekwisha kupatikana, imejaribiwa na kupimwa. Kiwango cha malipo kipande pamoja na bei ya unga, pesa zifike kwa tarehe iliyotajwa, na kila kata iwe na afisa wa watoto anayeijua milango ya watu wake. Nawe msomaji, baraza la chifu litakapoitishwa kusoma majina, nenda. Likikosekana jina la bibi unayejua kwamba wajukuu wake wanalala njaa, simama ulitaje.