Jalada la Mtoto Katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii: Mzazi Ana Haki ya Kuona Nini?

Mtoto mdogo anapofikishwa katika kituo cha afya kata ya Arash, tarafa ya Loliondo, akiwa na jeraha la moto lisilolingana na maelezo ya waliomleta, mhudumu wa afya huwa na wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni kumtibu na, ikibidi, kumpa rufaa kwenda hospitali ya Wasso. Wa pili ni kutoa taarifa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa aijulishe mamlaka ya serikali za mitaa. Kutoka hapo Afisa Ustawi wa Jamii hufungua jalada. Humo huingia maelezo ya mtoto, ya wazazi, ya majirani, taarifa ya daktari, na pengine uamuzi kwamba mtoto akae kwa bibi yake wakati uchunguzi ukiendelea.

Baada ya muda mzazi huuliza: mmeandika nini juu yangu na juu ya mwanangu? Swali hilo ni halali, na si dalili ya ukaidi wala ya hatia. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuliuliza na jinsi ya kulijibu.

Jalada ni la nani?

Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu na familia yake katika ibara ya 16, na haki ya kupata taarifa katika ibara ya 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake na kuomba zisahihishwe pale zinapokuwa na makosa. Sheria hiyo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto, pamoja na zile za afya, kuwa taarifa nyeti.

Kwa msingi huo, mzazi husimama katika nafasi mbili. Kwa yale yaliyoandikwa juu yake, yeye ndiye mhusika. Kwa yale yaliyoandikwa juu ya mtoto, yeye ni mwakilishi tu. Mwenye taarifa ni mtoto. Uwakilishi huo hukoma pale unapogongana na maslahi bora ya mtoto, ambayo Sheria ya Mtoto inayatanguliza katika kila jambo linalomhusu.

Madhara ya kuficha

Mfano mmoja kutoka Uingereza unafaa kuzingatiwa. Mwaka 1987 mtoto wa kike wa miaka minne alihojiwa na daktari wa magonjwa ya akili ya watoto pamoja na afisa ustawi, kwa kushukiwa kuwa amedhalilishwa kingono. Mtoto alitaja jina ambalo pia lilikuwa la mwenzi wa mama yake. Wataalamu wakadhani ni huyo, na mtoto akaondolewa nyumbani. Mama hakuonyeshwa mahojiano yaliyorekodiwa. Takriban mwaka mmoja baadaye maandishi ya mahojiano yalipowafikia mawakili wake, ilionekana kwamba mtoto alikuwa akimzungumzia mtu mwingine. Mtoto alirudishwa nyumbani, na tarehe 10 Mei 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki ya familia hiyo ilikiukwa, kwa kuwa suala la kumwonyesha mama ushahidi huo halikupelekwa mahakamani mapema.

Hukumu hiyo haiifungi Tanzania, lakini fundisho lake linatuhusu. Mara nyingi mzazi ndiye pekee awezaye kugundua kwamba jina limekosewa, tarehe haiwezekani, au mkalimani alitafsiri vibaya. Katika eneo ambalo familia nyingi huzungumza Kimaasai nyumbani na jalada huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, uwezekano wa makosa ya namna hiyo si mdogo.

Yapi yazuiwe?

Kwanza, utambulisho wa aliyetoa taarifa. Kufuta jina hakutoshi. Katika kijiji ambacho watu wanafahamiana, maneno kama “mwalimu wa darasa la tatu” au “mke mdogo wa boma la jirani” yanatosha kumtaja mtu.

Pili, siri za kiafya za mtu mwingine. Baba akiomba jalada la mtoto mchanga, karatasi za kliniki zinaweza kufichua hali ya mama ya maambukizi ya VVU, hata kama mama hajapata kumweleza. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo.

Tatu, maelezo ambayo yakitolewa yatamweka mtoto hatarini, hasa pale mwombaji ndiye anayeshukiwa kumdhuru, au binti aliyesema kwamba ameandaliwa kukeketwa anapoendelea kuishi katika boma lilelile.

Hata hivyo, sababu hizi huzuia sehemu ya jalada, si jalada zima. Kinachozuiwa kifunikwe, kilichobaki kitolewe, na mzazi aelezwe kwa maandishi kwamba kuna sehemu iliyozuiwa na kwa sababu gani.

Hatua za kuomba

Mzazi aandike barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro, kupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Aambatishe nakala ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Asipokuwa nacho, kadi ya kliniki pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji vitasaidia. Iwapo jina limeandikwa kwa tahajia tofauti katika nyaraka hizo, alieleze hilo mapema. Ataje anachotaka: tukio gani, mwaka gani. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa jalada la matibabu, ombi liende kwa mganga mfawidhi wa kituo husika. Shauri likiwa tayari Mahakama ya Watoto, ombi lifanywe huko. Asiyeridhika na majibu kuhusu taarifa zake anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Asiyejua kusoma ana haki ileile: asomewe jalada kwa lugha anayoielewa, na mkalimani asiye na upande katika jambo hilo.

Wajibu wa anayeandika

Mhudumu aandike akijua kwamba mzazi ataisoma kazi yake. Atenganishe alichokiona, alichoambiwa na anachokidhania. “Malengelenge nyayo zote mbili, mpaka wa jeraha umenyooka” ni alichokiona. “Mama anasema mtoto alikanyaga makaa” ni alichoambiwa. “Maelezo hayalingani na jeraha” ni maoni ya kitaalamu, nayo yatiwe saini na tarehe. “Mama ni mzembe” hairuhusiwi kabisa, kwa kuwa haimsaidii daktari, afisa ustawi wala hakimu, na inaweza kumtenga mtoto na mama yake bila ushahidi wowote. Jina la mtoa taarifa liandikwe katika karatasi ya peke yake, ili siku jalada likiombwa, litolewe bila kumhatarisha mtu.