Je, Wajua? Bia ya Gisenyi ilipikwa kwa gesi ya ziwani

Kuanzia 1963, boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa mjini Gisenyi, Rwanda, zilichemka kwa methani iliyovutwa kutoka Ziwa Kivu, pale Rasi ya Rubona. Moto kutoka majini!

Ziwa hilo limehifadhi takriban kilomita za ujazo 60 za methani. Tatizo ni jirani yake: hewa ukaa, ambayo ni kama mara tano zaidi na haiwaki.

Bomba huteremshwa mamia ya mita. Pampu huanzisha kazi tu. Maji yakipanda, mgandamizo hupungua, gesi hutoka kwa mapovu, na mapovu hayo huendelea kuyavuta maji juu yenyewe, sawa na soda iliyotikiswa. Kisha gesi huoshwa kwa maji ya ziwa. Hewa ukaa huyeyuka kwa wepesi, methani hukataa.

Kwingineko duniani, viwanda vingi huzitenganisha gesi hizi mbili kwa utando wa polima: maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, zilizofungwa pamoja katika silinda moja. Hewa ukaa hupenya kuta zake upesi. Methani hubaki ndani na kutokea upande wa pili, bila kupoteza mgandamizo mwingi. Hakuna kinachozunguka humo, wala moto.

Na kule Kivu, maji yaliyokwisha kutoa gesi? Hurudishwa kilindini, ili matabaka ya ziwa yasivurugwe. Yakivurugika, gesi yaweza kufumuka ghafla: mwaka 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika hewa ukaa usiku mmoja, likaua watu wapatao 1,700.