MIWANI YA KUSOMEA MWILI WA MTU

Mtu wa Kasulu au wa Kibondo aliyewahi kuchinja mbuzi anajua figo zilipo. Kuujua mwili wa binadamu ni jambo jingine. Kijana wa nyanda hizi anayesomea uuguzi au utabibu huanza na picha zilizolala kitabuni, na Muhimbili, ambako madaktari wamefundishwa tangu mwaka 1963, iko mbali naye zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa hiyo hatuwacheki wanaoisifu miwani ya uhalisia pepe. Aivaaye huonyeshwa picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho. Ubongo huziunganisha, na moyo wa mtu huonekana umesimama hewani mbele yake. Akiuzunguka, huuona mgongoni. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, huko Cleveland, Marekani, kimekuwa kikifundisha anatomia kwa njia ya namna hiyo tangu miaka ya 2010. Umeme nao si kisingizio kama zamani: gridi ya taifa imepokea zamu ya majenereta ya dizeli katika miaka hii ya 2020.

Lakini twauliza: mwili huo ni wa nani? Mnamo 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha za mwili mzima wa mwanamume, uliokatwa vipande 1,871, kila kimoja unene wa milimita moja. Vielelezo vingi vya mwili katika kompyuta vimetokana na picha hizo. Mtu huyo aliuawa kwa hukumu huko Texas mwaka 1993, akiwa ameutoa mwili wake kwa sayansi. Naye alikuwa amekwisha kuondolewa kidole tumbo! Mganga aliyemsoma huyo peke yake, akiletewa usiku mgonjwa wa kidole tumbo kutoka kijijini, atatafuta nini? Twatia chumvi, twajua. Watengenezaji huongeza kilichopungua. Hata hivyo picha iliyonyooshwa hivyo si mgonjwa. Wala jicho halipapasi. Mkunga hukitambua kichwa cha mtoto kwa vidole vyake juu ya tumbo la mama, na hilo hujifunzwa wodini, chini ya mwalimu.

Twataka miwani hiyo ije, tena ifike Kibondo kabla ya kujaa Dar es Salaam. Ila chuo kitakachoipokea kisipunguziwe mwalimu hata mmoja, wala saa za wodini, na bei yake isiongezwe katika karo ya mtoto wa mkulima.