Fahamu: Kwa nini tetemeko la 7 ni kubwa mno kuliko la 6

Tetemeko lililoikumba Bukoba Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, lile la Uturuki, Februari 2023, 7.8. Tofauti ni 1.9 tu, lakini la Uturuki lilitoa nishati takriban mara 700 zaidi.

Tangu Charles Richter aanzishe kipimo chake mwaka 1935, ukubwa wa matetemeko hupimwa kwa logarithimu, yaani logi. Logi ya 10 ni 1, ya 100 ni 2, ya 1,000 ni 3.

Hivyo, namba moja ikiongezeka, mtikisiko huwa mara 10 na nishati takriban mara 32. Usomapo habari za tetemeko, usiidharau tofauti ya namba moja.