Kasese na Bwera: Namna ya kusafirisha injini na vipuri vikubwa kwa gharama nafuu

Injini ya lori, giaboksi au ekseli inaweza kuonekana ya bei nzuri katika soko la Kisekka, Kampala. Lakini mzigo huo ukifika Bwera, na hasa ukivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, faida inaweza kuwa imeishia njiani. Umbali una sehemu yake, lakini hasara nyingi hutokana na mambo yasiyoamuliwa kabla ya kupakia.

Tafuta lori linalokwenda tupu

Reli ya Kampala hadi Kasese ilikamilika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Treni ziliacha kufika Kasese katika miaka ya 1990, na tangu hapo mizigo mizito hutegemea barabara.

Kukodi lori zima kwa injini moja ni ghali, kwa sababu mwenye mzigo hulipia pia safari ya kurudi. Njia nafuu ni kutafuta lori ambalo lina mzigo wa kurudi tayari. Malori yanayokwenda Hima kuchukua saruji, au Bwera kuchukua kahawa na mbao zinazotoka Kongo, hupata faida yao katika safari ya kurejea. Mwenye lori wa namna hiyo hukubali bei ya chini kuliko kwenda tupu.

Pia angalia njia atakayopita dereva. Barabara ya Mpondwe huachana na ile ya Mbarara–Kasese pale Kikorongo, kusini mwa mji wa Kasese. Lori linalotoka Mbarara kwenda Bwera halina haja ya kufika Kasese mjini. Hivyo mwenye mzigo asikubali kutozwa kilomita hizo.

Pima ujazo pamoja na uzito

Kwa mizigo ya kuchangia kontena, kampuni za meli kwa kawaida hulinganisha tani na mita za ujazo, kisha hutoza kwa kiasi kilicho kikubwa. Tuchukue sanduku la injini lenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1.2. Ujazo wake ni mita za ujazo 1.8. Hata kama injini ina kilo 900 tu, mteja atalipia 1.8. Kutoa feni, bomba la moshi na vitu vinavyochomoza, kisha kutengeneza sanduku dogo, hupunguza gharama moja kwa moja.

Mwaga oili yote na uondoe betri. Funga injini juu ya paleti ya mbao ili inyanyuliwe kwa winchi. Kabla lori halijaondoka, hakikisha kuna namna ya kuishusha huko iendako. Lori likisubiri siku nzima kwa kukosa winchi, gharama hiyo humrudia mwenye mzigo.

Amua mapema: Uganda au Kongo?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mzigo unaotoka Mombasa ukitolewa forodhani kwa matumizi ya Uganda, hulipiwa kodi za Uganda, ikiwemo VAT ya asilimia 18. Ukivushwa baadaye kwenda Kasindi, hulipiwa tena kodi za Kongo, ambako VAT ni asilimia 16. Kama mnunuzi yuko Beni au Butembo, mzigo uandikishwe tangu mwanzo kuwa wa transiti, chini ya dhamana ya forodha.

Lori la transiti hufungwa lakiri na halishushi mzigo njiani. Kwa hiyo usichanganye humo vipuri vya mteja wa Kasese na vya mteja wa Butembo.

Anayenunua Kampala kwa ajili ya Kongo amuulize muuzaji mapema kama anauza kwa utaratibu wa mauzo ya nje. Mauzo hayo yana VAT ya asilimia 0 Uganda, lakini muuzaji lazima awe amesajiliwa na awe na uthibitisho kwamba mzigo umevuka.

Mpango rahisi hauhusu kila kitu

Wafanyabiashara wadogo wa Mpondwe wanaujua mpango rahisi wa biashara wa COMESA, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Mpango huo ni wa bidhaa zilizo katika orodha na zilizozalishwa katika nchi wanachama. Injini iliyotengenezwa Japani haiingii, hata kama thamani yake ni dola 500. Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukubadili asili ya injini hiyo.

Upande wa Kasindi, ushuru hushughulikiwa na DGDA na ukaguzi wa bidhaa na OCC. Ankara, orodha ya mzigo na namba za injini zifanane katika karatasi zote. Namba moja ikikosewa, lori hukaa mpakani.

Baada ya mpaka

Mwaka 2021 Uganda na Kongo zilizindua mradi wa barabara za Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54. Hata hivyo, waasi wa ADF wamewahi kushambulia magari kati ya Beni na Kasindi. Ulizia hali ya usalama kabla ya kuvuka, na usome kama bima ya mzigo inafika Butembo au inaishia Mpondwe.

Mwisho, andikianeni na msafirishaji: nani analipa kupakia, kushusha, na siku za kusubiri mpakani. Bei ya chini isiyotaja mambo hayo matatu bado si bei kamili.