Je, Wajua? Venice Iliwahamisha Mafundi Wake wa Vioo

Je, wajua kwamba zamani fundi wa vioo wa Venice, Italia, hakuruhusiwa kuhama na ujuzi wake? Mwaka 1291 watawala wa mji huo wa mifereji waliamuru tanuri zihamishiwe kisiwa jirani cha Murano. Waliogopa moto, maana nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Lakini kuwakusanya mafundi kisiwani kulisaidia pia kulinda siri za kazi, na siri hizo zilikuwa mali.

Mgeni wa leo hufika Murano kwa boti ya abiria. Humkuta fundi akipuliza bomba la chuma lenye donge la kioo jekundu kwa moto. Likianza kuwa gumu hulirudisha tanurini, kisha hulivuta kwa koleo na kulikata kwa mkasi. Chombo kikikamilika hupozwa polepole kwa saa nyingi, la sivyo hupasuka.

Akirudi mjini, apite eneo la San Trovaso, atazame mashua za gondola zikitengenezwa kutoka ng'ambo ya mfereji. Hapo halipi kitu. Chombo hicho cha karibu mita 11 kimepindishwa makusudi. Upande wa kushoto ni mpana zaidi, kwa kuwa mpiga kasia ana kasia moja tu, nalo liko kulia. Kingekuwa sawasawa kingezunguka.

Na shanga za kioo za Venice? Katika karne ya 19 zilifika hadi Unguja, misafara ikazipeleka bara kununulia chakula na pembe za ndovu.