Unguja, Mafia au Pemba? Hesabu ya likizo kwa familia ya Dar

Mtu wa Dar es Salaam akipata wazo la kwenda visiwani, swali lake la kwanza ni nauli ya boti. Swali lenyewe jepesi, na jibu lake linapatikana dirishani pale bandarini. Ila nauli hulipwa mara mbili tu, kwenda na kurudi, wakati kitanda, sahani na usafiri wa ndani hulipwa kila siku. Ndiyo maana kisiwa chepesi kufika mara nyingi ndicho kinachokamua mfuko ukishafika, na kile ambacho kukifikia ni shughuli huwa na mambo machache ya kukutoa hela. Tuchukue familia ya watu wanne, wazazi na watoto wawili, inayotaka kulala nje usiku nne.

Tuanze na Unguja, maana wengi wataishia huko. Boti ya kasi huchukua saa mbili hivi. Mkaazi mwenye kitambulisho hulipa kwa shilingi, chini ya nusu ya anachotozwa mgeni, ambaye kwa miaka kadhaa nauli yake daraja la kawaida imekuwa dola 35. NIDA isibaki nyumbani, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwemo kwenye begi. Ndege ni mwendo wa dakika 20 tu angani, lakini ukijumlisha foleni ya kuelekea uwanjani na kusubiri, muda unaookoa ni mdogo kuliko unavyodhani. Mimi ningelipia ndege kwa sababu moja tu: kuna anayechafukwa na bahari, na safari ni kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapokaza. Na kama kuna ndugu anayekuja kutoka Uingereza au Marekani na pasi ya huko, hesabu yake iongezwe dola 44 za bima ya lazima ambayo Zanzibar iliianzisha Oktoba 2024.

Ukishuka bandari ya Malindi, papasi, yaani madalali wa wageni, watakupokea kabla hujaweka begi chini. Teksi ya kwenda Nungwi, karibu kilomita 60, hutozwa kwa gari zima. Wanne mnagawana na haiumi sana. Msafiri wa peke yake itamkata maini. Daladala namba 116 hufika Nungwi hiyohiyo kwa shilingi elfu chache, tatizo ni mizigo na magoti.

Sasa, upande gani wa kisiwa? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Nungwi na Kendwa, kaskazini, zina bei ya juu kwa sababu ya kueleweka: maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote. Paje, Bwejuu na Jambiani, pwani ya mashariki, mara nyingi utapata chumba kwa bei ya chini, lakini maji yakipwa bahari inaondoka mamia ya mita na kukuachia mchanga, vidimbwi, vishungi vya mwani vya akina mama na urchini wa baharini wanaosubiri unyayo usio na kiatu. Watu hulalamika kwamba wametapeliwa. Hawakutapeliwa, hawakutazama mwezi. Wakati wa bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, maji huku kwetu hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Familia inayomaliza chai na kukimbilia ufukweni inakuta uwanja wa mpira. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, bahari haiendi mbali hivyo, na siku mbili tatu baada ya hapo maji hujaa adhuhuri, saa ambayo watoto wanayataka. Ukichagua tarehe kwa kufuata mwezi, Jambiani inakupa sehemu kubwa ya kile ambacho Nungwi wanakulipisha. Kalenda haiuzwi ghali.

Baada ya upande, njoo kwenye chakula. Hoteli moja hutoa chumba na kifungua kinywa, nyingine inaongeza chakula cha usiku. Tuseme ya kwanza ni shilingi 150,000 kwa usiku na ya pili 230,000, familia nzima chumba kimoja. Mkila kwenye mkahawa wa ufukweni kwa shilingi 30,000 kila mtu, mezani mnaacha 120,000, kwa hiyo ile "rahisi" imeshakuwa 270,000. Lakini kama kijiji kipo nyuma ya hoteli na kuna mama anayeuza wali, samaki na mchuzi kwa 8,000 sahani, mnalipa 32,000 na jumla ni 182,000. Swali la kumuuliza mwenye hoteli kwenye simu, basi, ni umbali wa kutoka getini hadi mgahawa wa kwanza wa wenyeji. Picha ya bwawa la kuogelea haitakuambia hilo. Uliza pia kama tozo za serikali za kila usiku zimo ndani ya bei, na mtoto huanza kulipiwa kitanda akiwa na umri gani.

Ukitajiwa dola, omba bei ya mkaazi kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zilipiga marufuku kutaja na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, na hata kabla ya hapo hoteli nyingi zilikuwa na bei mbili, ila ile ya pili hutolewa kwa anayeiulizia. Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Haya hiyo ina gharama.

Mafia ni habari nyingine. Ndege kutoka Dar ni kama nusu saa, nauli inazidi ya Unguja, na begi hupimwa kwa ukali kwa sababu ndege zenyewe ni ndogo. Njia ya bei nafuu ni basi kutoka Mbagala hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni. Safari hufuata maji, kwa hiyo ratiba ya jana isikuongoze leo. Kwa usiku nne tu, siku mbili zinaweza kuishia njiani. Wanne kwa ndege, hesabu inakimbia. Lakini ukifika, hakuna klabu, maduka ya vinyago ni machache, na Kilindoni unakula kwa bei ya mji mdogo wa bara.

Wanaokwenda Mafia hufuata papa potwe, ambao huonekana kati ya Oktoba na Machi. Kinachowaponyoka wengi ni kwamba potwe hao hukaa upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Hoteli zenye majina ziko Utende, ndani ya hifadhi, ambako kila siku kuna ada: mgeni wa nje hutozwa kwa dola, Mtanzania kiasi kidogo zaidi. Kama lengo ni potwe, lala Kilindoni, ukodi boti na familia nyingine. Kama lengo ni kuzamia kwenye matumbawe ya ghuba ya Chole, au kuona magofu ya Kua kwenye kisiwa cha Juani, lipa Utende bila manung'uniko. Kwa usiku nne na watoto wadogo, mimi nisingeenda. Kwa wiki moja na vijana wanaojua kuogelea, ningeiacha Unguja bila kufikiri mara mbili.

Pemba nitaisema kwa ufupi, si kwa dharau. Boti zipo, milima ya mikarafuu ni mizuri, msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi havina msongamano. Ila malazi yamekaa ncha mbili: nyumba za wageni za kawaida Chake Chake na Wete, na hoteli za wazamiaji zenye bei ya wazamiaji. Katikati ni pembamba. Ukiwa na jamaa wa kukupokea, Pemba ndiyo likizo ya bei ya chini kuliko zote tatu. Usipokuwa naye, gari la kukodi kila siku litafuta nafuu yote.

Kwa hiyo familia yetu ya wanne iende Unguja: usiku mmoja Mji Mkongwe, tatu Jambiani. Mkienda kula kwenye bustani ya Forodhani jioni, uliza bei ya kila mshikaki kabla haujagusa moto. Julai, Agosti na wiki za Krismasi bei hupanda, na Februari tamasha la Sauti za Busara hujaza vyumba vya Mji Mkongwe. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na ile hesabu ya 8,000 hubaki ya usiku tu. Aprili na Mei, masika, punguzo ni kubwa, lakini baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kabla ya kutuma pesa ya awali, mpigie mwenye hoteli umuulize jiko litakuwa wazi au la.